Spika moja ndogo inayosema ukweli: jinsi ya kuchagua spika za studio ya nyumbani

Tukiletewa rekodi hapa kituoni, iwe ya kwaya, ya ngonjera au ya mzee anayesimulia historia ya kijiji chake, huwa tunaisikiliza kwanza kwenye spika moja ndogo iliyoko mezani. Nyingi huangukia hapo. Maneno yamezama kwenye mwangwi wa chumba, herufi kama s na f zimefifia, na sauti ya msemaji ni nyembamba kana kwamba anaongelea ndani ya bomba. Aliyerekodi hushangaa, kwa sababu kwake ilisikika safi. Tukimuuliza aliisikilizia wapi wakati anaitengeneza, jibu karibu siku zote ni lile lile: sabufa.

Sabufa haina ubaya sebuleni. Imeundwa imfurahishe msikilizaji, kwa hiyo nyingi huzidisha besi na trebo na kuiacha sauti ya katikati nyuma. Mtengenezaji wa rekodi akisikia besi nyingi anaipunguza. Akisikia s zinachoma masikio anazipunguza nazo. Mwangwi wa chumba, ambao hukaa zaidi katikati, hausikii kabisa. Rekodi hiyo ikifika kwenye redio ndogo ya shambani au kwenye simu, kila alichokipunguza kinakosekana na kila alichokuwa hakisikii kinajitokeza. Kwaya imechanga fedha zake bure. Na mzee aliyesimulia pengine hayupo tena kurudia.

Wasikilizaji wengi wametuuliza kama inawezekana kujitengenezea spika za kusikilizia kazi, zile ambazo studio huziita monita, bila kuagiza za bei kubwa. Inawezekana, na njia rahisi ni kutumia spika moja ndogo inayobeba sauti zote, ambayo mafundi huiita fulrenji. Katika makala hii tukisema spika tunamaanisha ile tupu, yenye koni na sumaku, kabla haijafungwa kwenye boksi.

Studio kubwa nazo zilizitumia

Kuna watu watakaocheka wakiona studio yenye spika ya ukubwa wa kiganja. Wacha wacheke. Kampuni ya Auratone ya Marekani iliuza boksi dogo liitwalo 5C, mchemraba wa kama sentimita 16 na nusu kila upande, ndani yake spika moja tu ya inchi nne na nusu. Halikuwa na besi ya kujivunia wala trebo ya kung'aa, na mafundi wengi walilitania. Lakini studio kubwa ziliendelea kuliweka juu ya meza ya kuchanganyia, kwa sababu lilisikika kama redio ya gari na televisheni ya nyumbani, yaani kule ambako wimbo ungekwenda kusikilizwa. Bruce Swedien, aliyechanganya sauti za albamu ya Thriller ya Michael Jackson iliyotoka mwaka 1982, alijulikana kwa kuitegemea Auratone.

Watangazaji wa redio nao wana mfano wao. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walibuni boksi dogo lililoitwa LS3/5A kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hapakuwa na nafasi ya boksi kubwa. Hilo lina spika mbili, si moja, lakini fikra ni ile ile: besi ya chini kabisa iachwe, sauti ya binadamu itoke sawasawa.

Kwa nini spika moja, na kwa nini ndogo

Boksi la kawaida lina wufa kwa sauti nzito na twita kwa sauti kali, na katikati yake kuna saketi inayogawa masafa. Mgawanyo huo mara nyingi huwekwa kati ya hezi 2,000 na 4,000, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno na konsonanti nyingi hutofautishwa. Kiwandani wana vyombo vya kupimia mgawanyo huo. Fundi wa kijijini hana, na akikosea, maneno yanatoka sehemu mbili zisizopatana. Spika moja haina mgawanyo wa kukosea.

Udogo nao una sababu yake, si suala la bei peke yake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukigawa namba hiyo kwa hezi unapata urefu wa wimbi: hezi 1,000 ni sentimita 34, hezi 5,000 ni karibu sentimita 7, hezi 10,000 ni sentimita 3 na kidogo. Wimbi likiwa fupi kuliko upana wa koni, sauti haisambai tena. Inabanwa na kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi. Spika ya inchi nane ina koni ya kama sentimita 16 au 17, kwa hiyo tochi yake inawaka kuanzia hezi 2,000 hivi. Ukisogeza kichwa kidogo, s zinapotea. Spika ya inchi tatu ina koni ya kama sentimita 6 na nusu, nayo inasambaza vizuri hadi karibu hezi 5,000. Juu ya hapo inabana pia, ndiyo maana boksi lake huelekezwa usoni kwa msikilizaji.

Gharama ya udogo unailipa kwenye besi. Ili spika itoe sauti yenye nguvu ile ile kwa masafa yaliyoshuka nusu, koni lazima itembee mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi tatu hutembea milimita chache tu. Usitegemee ngoma kubwa itikise dirisha.

Kwa kazi ya maneno, kwaya na gitaa, sisi tungechagua inchi tatu hadi nne. Chini ya inchi mbili na nusu sauti ya mwanamume inaanza kukosa kifua. Inchi tano na kuendelea ni nzuri kwa besi, lakini ni chache zinazofika juu bila msaada wa twita.

Kilichoandikwa kwenye karatasi

Dukani kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni wati, na cha pili ni ukubwa wa sumaku. Vyote viwili havikuambii kama spika inasema ukweli. Wati ni kiasi cha umeme inachoweza kuvumilia kabla ya kuungua, na stika nyingi zinatia chumvi. Sumaku kubwa inaweza kuwa sumaku dhaifu iliyovishwa kifuniko cha kupendeza.

Tafuta karatasi ya vipimo. Kampuni zinazoheshimu kazi yao, kama Visaton ya Ujerumani, Fostex ya Japani, Tang Band ya Taiwan, Dayton Audio ya Marekani na FaitalPRO ya Italia, huiweka wazi mtandaoni, na simu inatosha kuisoma. Kama spika haina jina wala namba ya aina yake, hakuna cha kusoma. Utabaki na masikio yako, na hilo tutalifikia.

Kwenye karatasi kuna mchoro wa mstari unaotoka kushoto kwenda kulia. Kushoto ni masafa ya chini, kulia ya juu, na kimo cha mstari ni ukubwa wa sauti kwa desibeli. Angalia kati ya hezi 200 na 8,000. Mstari ukitulia, ukipanda na kushuka desibeli mbili tatu hivi, hiyo ni spika ya kazi. Nundu ya desibeli sita karibu na hezi 3,000 itakufanya uone kila mwimbaji anapiga kelele, nawe utampunguza bila kosa lake. Shimo ni baya zaidi kwa maana halijitangazi: hutarekebisha kitu usichokisikia. Juu ya hezi 10,000 tunasamehe mengi. Matangazo ya FM yenyewe hayabebi sauti iliyo juu ya hezi 15,000.

Koni za karatasi mara nyingi huwa pole kwenye nundu hizo. Za alumini hutoa maelezo mengi lakini baadhi yake hulia juu kama kengele, na mstari wa mchoro utakuonyesha. Jambo la kufurahisha kwa wakulima wa ndizi ni kwamba Fostex walitengeneza koni ya spika yao ya FE103E kwa nyuzi za jamii ya mgomba. Baadhi ya spika zina kikoni cha pili katikati, kama kikombe kidogo, cha kusaidia sauti kali. Zipo nzuri, ila kikombe hicho mara nyingi huleta ukali karibu na hezi 5,000 hadi 10,000, kwa hiyo usinunue kabla ya kuona mchoro.

Kipimo kingine ni unyeti, yaani spika hutoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika nyingi ndogo ziko kati ya 84 na 90. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3. Kwa anayekaa sentimita 70 kutoka kwenye boksi, spika ya 86 itamtosha kwa wati chache tu.

Namba tatu zinazoamua boksi

Chini ya karatasi utakuta Fs, Qts na Vas. Namba hizi zimepewa jina la watu wawili: Neville Thiele wa Australia, aliyeandika juu yake mwaka 1961, na Richard Small, Mmarekani aliyeendeleza kazi hiyo akiwa Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao kutengeneza boksi kulikuwa kubahatisha kwingi.

Fs ni masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe, kama ngoma iliyogongwa. Vas huandikwa kwa lita; inaonyesha ulaini wa kusimamishwa kwa koni ukilinganishwa na hewa. Qts inaeleza jinsi koni inavyotulia upesi baada ya kusukumwa.

Kwa monita tunapendekeza boksi lililozibwa kabisa, lisilo na tundu la hewa. Lenye tundu hutoa besi zaidi, lakini likikosewa kidogo besi hiyo inakokota na kuchelewa. Na huku kwetu tundu ni mlango wa mende na nyigu.

Kwa boksi lililozibwa hesabu ni hii. Chukua 0.707, igawe kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha toa 1. Sasa gawa Vas kwa jibu hilo. Unapata lita za boksi. Tuseme spika yako ina Fs ya hezi 100, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 3. 0.707 kwa 0.5 ni 1.414, ukizidisha kwa yenyewe unapata 2, ukitoa 1 inabaki 1. Lita 3 kwa 1 ni lita 3. Boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 13 kwa 13 kwa 18 linatosha kabisa.

Boksi hilo litaanza kupoteza besi karibu na hezi 141, yaani Fs mara 1.414. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia karibu na hezi 100, kwa hiyo mzizi wake utasikika umepungua, lakini maneno yote yatakuwepo. Ukiibana spika hiyo hiyo kwenye boksi la lita moja, itafanya nundu karibu na hezi 200 na kudai ina besi. Hiyo ni besi ya uongo, na ndiyo inayouzwa kwenye spika nyingi za mezani.

Spika yenye Qts ya 0.6 itadai boksi la karibu mara mbili na nusu ya Vas yake. Ikifika 0.7, hakuna boksi dogo litakaloifaa. Spika nyingi za mlango wa gari ziko huko, kwa sababu mlango una nafasi kubwa. Ndiyo maana spika nzuri ya gari ikiwekwa kwenye kisanduku cha mkate inasikika kama mtu aliyeziba pua. Kwa monita zilizozibwa tafuta Qts kati ya 0.4 na 0.6.

Kama hakuna karatasi

Tunajua wengi mtachukua spika kwa fundi redio, kutoka kwenye televisheni za chogo na redio kaseti zilizokufa. Si jambo la kudharau. Spika za televisheni za chogo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya maneno, koni zao ni za karatasi nyepesi, na sumaku zimefunikwa zisiharibu rangi za kioo.

Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, kulia na kushoto kwa nguvu sawa. Ikikwaruza, koili inagusa chuma, iache. Kagua ukingo unaoshika koni. Wa sponji ukizeeka humung'unyuka kama keki, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani; wa kitambaa au mpira hudumu zaidi. Weka mita ya fundi kwenye upande wa omu: spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7, ya omu 4 itasoma kidogo juu ya 3. Isiposoma kitu, koili imekatika.

Halafu isikilize kwa sauti ya mtu unayemfahamu. Mrekodi mama yako au rafiki yako akihesabu moja mpaka ishirini, mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Weka spika kwenye boksi lolote lililozibwa, cheza rekodi, kisha mwombe ahesabu tena kwa mdomo wake. Spika inayomfanya awe kama ana mafua, au kama anaongea na ulimi mzito, usiichukue hata kama ni ya bure. Neno "sita" na neno "saba" zitakuambia kuhusu s. "Nane" na "mbili" zitakuambia kuhusu katikati.

Ukitaka mbili, ziwe za aina moja na ikiwezekana kutoka chombo kimoja. Betri ya volti 1.5 itakuonyesha upande wa chanya: ukiigusisha kwa sekunde moja, koni ikiruka mbele, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukifunga moja kinyume, besi itapotea na sauti itakuwa haijulikani inatoka wapi.

Lakini kama fedha inatosha spika moja nzuri au mbili mbaya, nunua moja. Redio nyingi vijijini zina spika moja. Anayesikiliza kazi yake kwa spika moja anaisikia kama wao, na kama kuna chombo kinachofutana na kingine pande mbili zikiunganishwa, atakigundua mapema.

Omu, amplifaya na umeme wa jua

Hapa tutakwenda haraka. Amplifaya huandikwa omu ya chini inayoruhusiwa. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba kwenye chaneli moja huwa omu 2, na hapo ndipo amplifaya nyingi ndogo huungua. Vibodi vidogo vya volti 5 vyenye chipu ya PAM8403 hutumia chaja ya simu na hutoa wati zisizozidi 3 kwa kila upande kwa spika ya omu 4. Kwa kusikiliza karibu vinatosha kuanzia. Kwa betri ya sola ya volti 12, omu 4 itakupa karibu mara mbili ya wati za omu 8, nayo itakula betri upesi zaidi.

Mbao, gundi na ukuta

Plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 inafaa. Mbao za unga zilizoshindiliwa ni tulivu kwa sauti lakini huvimba zikipata maji, kwa hiyo zipake rangi pande zote. Ziba kila ufa kwa gundi au silikoni, pamoja na tundu la kupitishia waya. Ndani jaza sufi iliyochambuliwa, bila kushindilia. Inazuia sauti ya nyuma isirudi kupitia kwenye koni.

Boksi jembamba lina tabia moja zaidi. Sauti kali huenda mbele, nzito huzunguka boksi na kukimbilia nyuma. Kwa boksi la upana wa sentimita 16 mabadiliko hayo huanza karibu na hezi 700, na spika huonekana kali kuliko ilivyo. Dawa rahisi ni kulisogeza boksi karibu na ukuta, ambao utairudisha sauti nzito kwako. Ukiwa na kompyuta, ekolaiza inaweza kuteremsha kila kilicho juu ya hezi 700 kwa desibeli tatu au nne. Anayependa kuchomelea afunge koili ya milihenri 1 sambamba na rezista ya omu 4.7 ya wati 10, kisha aviweke kwenye waya wa chanya wa spika ya omu 8. Atapata karibu desibeli 4 hizo hizo.

Kitu ambacho spika hizi hazitakuonyesha ni mngurumo wa umeme wa hezi 50, upepo kwenye maikrofoni na kishindo cha mtu aliyegonga meza. Utapitisha rekodi, na baa yenye sabufa itausikia mngurumo wote. Kwa hiyo kabla ya kututumia, sikiliza mara moja kwa hedifoni zinazoziba masikio, sehemu zenye ukimya hasa, na ukate kila kilicho chini ya hezi 80 kwenye rekodi ya mazungumzo.